Si kila kinachofumwa nyumbani ni bidhaa

Leo sina mbinu ya kuongeza wafuasi wala siri ya kumpata mteja wa usiku wa manane. Leo nina maoni, na najua yatawaudhi baadhi yenu. Naomba mnisome mpaka mwisho, ndipo mnirushie mawe.

Maoni yangu ni haya. Sisi tunaotengeneza vitu kwa mikono nyumbani na kuviuza kwenye simu tunakula hasara mara mbili kwa kosa moja: hatujaweka mpaka kati ya nyumba na biashara. Kwa kuwa tunafumia sebuleni huku jicho moja liko kwenye maharage, tunaona saa zetu ni za bure, basi tunauza kwa bei ya hasara. Halafu, kwa kuwa kila siku tunaambiwa "geuza kipaji chako kiwe pesa", tunaanza kuiona nyumba nzima kama stoo. Hata kile kilichofumwa kwa ajili ya mtoto kinapigwa picha na kuwekwa sokoni.

Mimi nimeyafanya yote mawili. Ngoja niwaeleze.

NILIKOTOKEA

Nimefundishwa kroshia na mama yangu, Muheza, nikiwa darasa la nne. Kama umekulia nyumba ya Kiswahili ya miaka ile unaijua hii picha: redio ina kitambaa chake, chupa ya chai ina kitambaa chake, makochi yana vitambaa mgongoni na kwenye mikono, na ukutani kuna kitambaa cha kudarizi kimeandikwa "Karibu Mgeni". Foronya zina maua pembeni na maneno "Usiku Mwema". Vitambaa vya meza vinatiwa wanga mpaka vinasimama vyenyewe, na ole wako mtoto umwage chai juu yake.

Mama hakuwahi kuuza hata kimoja. Alifuma jioni barazani, akizungumza na majirani, mkono unakwenda wenyewe. Binti wa jirani akiolewa, mama anatoa seti. Mtu akijifungua, mama anatoa kofia na soksi. Sikuwahi kumsikia mtu akimuuliza "bei gani?". Lakini kila mtu mtaani alijua ua la nanasi linalofumwa na mama yangu, na mama alikuwa na heshima yake kwa sababu hiyo.

Mimi nimekuja mjini, nina watoto wawili, naishi Mbagala, maisha ni ya kuhesabu. Baba watoto anafanya kazi ya mshahara mdogo, na mshahara wenyewe una tabia ya kuchelewa. Siku moja niliweka kwenye stetasi ya WhatsApp picha ya vitambaa vya makochi yangu mwenyewe, bila nia yoyote. Watu watatu wakaniuliza: "Dada, unauza?" Nikajibu ndiyo. Biashara ikaanza hapo.

HESABU ILIYONITOA MACHOZI

Seti yangu ya makochi ina vipande saba. Bei niliyoanza nayo ilikuwa 45,000. Niliipataje? Niliangalia wenzangu wanauza ngapi, nikapunguza kidogo ili wateja waje kwangu. Basi. Na wewe unayesoma hapa, usicheke, wengi wetu ndivyo tunavyopanga bei.

Wateja walikuja kweli. Mwezi mmoja seti mbili, mwezi mwingine tatu. Simu inaita, M-Pesa inaingia, najiona mfanyabiashara. Lakini kila ikifika tarehe ya kulipa ada ya shule, pesa haipo. Nikawa najiuliza kama kuna mtu ananiibia.

Wahenga walishasema: mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi daftari sikuwa nalo. Nilipoanza kuumwa kifundo cha mkono wa kulia, nikashindwa kufuma karibu wiki mbili, ndipo nilipokaa chini nikapiga hesabu ya seti moja tu, ile ya mwisho niliyouza. Hii hapa.

Uzi: mabonge 10, kila moja 2,500, jumla 25,000.
Nauli ya kwenda Kariakoo na kurudi: 1,500.
Mfuko wa kufungashia: 500.
Bando la kuwasiliana na mteja na kutuma picha: 1,000.

Jumla 28,000. Kwenye 45,000 inabaki 17,000. Nikasema si mbaya. Kumbe sijamaliza. Mteja yule aliomba punguzo, nikamwachia 5,000. Akaomba nimletee mpaka kwake, nikailipa bodaboda mwenyewe 3,000. Iliyobaki mkononi: 9,000.

Sasa saa. Kipande kimoja kinanichukua kama saa tano. Vipande saba ni saa 35. Gawanya 9,000 kwa 35. Ni shilingi 257 kwa saa. Yaani naumia shingo, macho na mkono saa nzima, malipo ni andazi moja.

Kilichonitoa machozi si hicho. Katika zile wiki mbili za kuumwa mkono nilimwomba jirani mmoja anifulie nguo. Alifua kwa saa nne, nikampa 8,000, na sikuona kama ni nyingi maana kafua kweli. Hiyo ni 2,000 kwa saa. Yaani nguvu za mwenzangu naziheshimu, nazilipa 2,000, halafu zangu mwenyewe nazilipa 257. Na hata hiyo 257 ndiyo iliyoniharibu mkono ikabidi nimlipe mtu mwingine anifulie.

Nilimwonyesha baba watoto lile daftari. Yeye ndiye aliyekuwa akisema, "Si unakaa tu unafuma, hiyo nayo ni kazi?" Aliliangalia, akanyamaza muda mrefu. Siku hizi vyombo vya Jumanne na Alhamisi ni zamu yake, kwa sababu hizo ndizo jioni zangu za oda. Mnaona faida ya daftari? Hata ndoa inasaidia.

BLANKETI

Hiyo ndiyo hasara ya kwanza. Ya pili haimo kwenye daftari, na ndiyo iliyonifanya niandike leo.

Binti yangu wa mwisho alipokuwa na miaka sita nilimfumia blanketi la njano na kijivu. Rangi alizichagua mwenyewe, tukaenda naye Kariakoo, akalibeba bonge la njano kifuani njia nzima kama mtoto mchanga. Nilifuma mwezi mzima, yeye akikaa miguuni ananipimia: "Mama, bado mpaka hapa." Lilipoisha nilimfunika nalo, nikapiga picha, nikaweka stetasi. Nilikuwa nimeshazoea. Chochote kilichoisha nakipiga picha.

Usiku uleule mteja akaandika: "Dada, hilo blanketi nalihitaji kesho. Wifi yangu kajifungua. Nalipa sasa hivi." Akataja 40,000. Nikasema hili ni la mwanangu, nitakufumia jingine kwa wiki tatu. Akasema wiki tatu hapana, kesho. Tulikuwa tunadaiwa umeme na maji. Nikakubali.

Asubuhi nililitoa kitandani, nikalifua, nikalianika, nikalipiga pasi, nikalifungasha. Binti aliporudi shule nikamwambia, "Nitakufumia jingine, zuri kuliko lile." Akasema sawa. Hakulia. Hakuuliza tena. Na mimi sikulifuma lile jingine, kwa sababu kila nikishika sindano kuna oda ya mtu.

Miezi ikapita. Jumamosi moja nageuza godoro lake nilianike juani, nikakuta chini yake mwanasesere. Kamshona mwenyewe kwa vipande vya kitenge alivyopewa na fundi wa pale mtaani, kamjaza pamba ya mto wa zamani, nywele kazitengeneza kwa mabaki ya uzi wangu. Mshono umekwenda upande, jicho moja kubwa kuliko jingine, lakini ni mzuri, jamani. Nikafurahi, nikamwita. "Huyu umemshona wewe? Mbona umemficha?"

Akanijibu: "Usimpige picha, mama. Ukimpiga picha atakuja mtu kumchukua."

Nilikaa pale kitandani, sina cha kumjibu. Mtoto wa miaka saba ameshajua kwamba kwenye nyumba yake kitu kizuri kikionekana kinaondoka. Amejifunza kuficha. Mama yangu alinifundisha kufuma ili nyumba ipendeze na jirani apate zawadi. Mimi mwanangu nimemfundisha nini?

MPAKA NILIOUWEKA UPANDE WA BIASHARA

Tuanze na pesa, maana najua ndiyo mliyoijia hapa.

Kwanza, pima saa zako. Usikadirie. Chukua kipande kimoja, angalia saa ya simu unapoanza na unapoacha, andika. Ukiitwa jikoni, andika umeacha. Fanya hivyo kwa vipande viwili au vitatu, utapata wastani wako. Wengi tunajidanganya, tunasema "hiki cha siku moja", kumbe ni siku tatu za kuiba nusu saa nusu saa.

Pili, jipangie mshahara wa saa kabla hujapanga bei. Mimi nilianza na 1,000. Bado iko chini ya niliyomlipa jirani, lakini ni mara nne ya ile ya zamani. Hesabu ya seti ikawa hivi: gharama 28,000, saa 35 kwa 1,000 ni 35,000, jumla 63,000. Nikaongeza 7,000 iwe ya biashara yenyewe, ya kununua uzi wa mbele na ya siku mambo yakiharibika. Bei 70,000. Usafiri juu ya mteja, na namwambia mapema kabla hajalipa.

Sitawadanganya. Mwezi wa kwanza sikuuza hata seti moja. Watu walisoma bei wakanyamaza. Mmoja akaniandikia, "Umepandishwa na nani?" Mwezi wa pili nikauza moja. Sasa hivi ni moja kwa mwezi, mara chache mbili. Lakini piga hesabu mwenyewe: seti moja ya sasa inaniachia 42,000. Zamani ili niipate hiyo kwa faida ya 9,000 ningefuma karibu seti tano, saa 175. Mkono ungekwishakatika.

Tatu, angalia kitu kinacholipa kwa saa, usiangalie kinachoonekana kina bei kubwa. Kofia ya mtoto mchanga inanichukua saa mbili. Uzi ni nusu bonge, 1,250. Kifungashio 250. Nauza 6,000. Inabaki 4,500, yaani 2,250 kwa saa. Kofia ndogo inalipa kwa saa karibu mara mbili ya seti kubwa ya makochi! Ningejuaje bila kupima? Siku hizi kofia na soksi za watoto ndizo zinazonilipia ada, seti za makochi ni za wanaozitaka kweli.

Nne, acha kushindana na mashine kwa bei. Mteja atakuambia, "Mbona Kariakoo vipo vya 15,000?" Vipo, ni kweli, na ni vizuri kwa anayetaka vya 15,000. Usimtukane mteja wala usikisute kitambaa cha mashine. Waangalieni wenzetu wa Zanzibar wanaoshona kofia za kiua. Kofia moja ya mkono inashonwa kwa wiki nyingi, hata miezi, vitundu vidogo vidogo, kila kimoja kinazungushiwa uzi peke yake. Zipo kofia za mashine za bei ndogo, na zinavaliwa. Lakini anayeijua kofia ya mkono hamwambii mshonaji ashushe mpaka bei ya mashine. Vivyo hivyo vikapu vya milulu vya Iringa. Ndoo ya plastiki inabeba vitu vilevile, lakini mtu anayetafuta kikapu hakupi bei ya ndoo.

Kwa hiyo uza kile ambacho mashine haiwezi. Mimi namwambia mteja nitumie picha ya makochi yako na vipimo vya futi, niambie rangi ya mapazia, nitakufumia kinachokaa sawasawa, si kinachoning'inia kama shuka la kuazima. Nafuma jina la mtoto. Nafuma ua ambalo bibi yake alikuwa analifuma, akinitumia picha ya kile cha zamani. Na uzi ukikatika ndani ya mwaka mmoja, narekebisha bure, yeye anagharamia usafiri tu.

Wazee wana msemo, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mtandaoni huo ni nusu ya ukweli. Kizuri kisipoelezwa kinapitwa. Piga picha asubuhi karibu na dirisha, uache mwanga wa taa unaopaka kila kitu njano. Weka kitambaa juu ya kochi la kweli, kisiwe sakafuni. Onyesha mkono ukiwa unafuma hata kwa sekunde kumi, mteja aone hiki kitu kinapita kwenye vidole vya mtu. Na andika bei. Mambo ya "bei inboksi" mimi nimeyaacha. Aliyeiona bei na bado akaniandikia, huyo ni mteja. Wengine wanaosha macho, ruksa.

Tano, oda bila nusu ya pesa haianzi. Nusu inanunua uzi. Mteja aliyetoa nusu hapotei njiani, na asiyetaka kutoa nusu amekuonyesha mapema kwamba hajaamua.

MPAKA NILIOUWEKA UPANDE WA NYUMBANI

Huu hauna hesabu, lakini ni sheria, na nimeziandika kwenye jalada la lile daftari.

Ya kwanza: kilichofumwa kwa ajili ya mtu wa nyumbani hakiuzwi, na hakipigwi picha ya biashara. Ukitaka vya kuonyesha, tengeneza sampuli. Mimi nina sampuli moja ya kila aina, zinakaa kwenye begi lake. Zile ndizo zinazopigwa picha. Mteja akitaka kitu ambacho kwa bahati amekiona nyumbani kwangu, jibu langu ni moja: "Hiki kina mwenyewe. Nitakufumia kinachofanana nacho, baada ya wiki tatu." Mnajua kitu cha ajabu? Wengi wanasubiri. Aliyeambiwa "kina mwenyewe" anaelewa anachonunua ni kitu cha thamani.

Ya pili: Jumapili jioni sindano si ya oda. Nafuma ninachotaka, au sifumi. Mara nyingine natia viraka shuka, mara nyingine nafundishwa na binti kusuka kamba za viatu. Oda ikibana, naongeza siku kwa mteja kabla sijaigusa Jumapili. Kwenye oda nasema siku 25 hata kama najua 20 zinatosha. Mtu akipata mapema anafurahi. Akicheleweshewa hata siku moja, anakumbuka mwaka mzima.

Ya tatu: alichotengeneza mtoto ni cha mtoto. Akitaka kunisaidia kukunja uzi, akunje kwa kupenda, kwa muda wake, akiwa amemaliza masomo na michezo. Sitamfanya kibarua wa bure halafu nijisifu mtandaoni eti "biashara ya familia". Na sura yake si tangazo. Kofia za watoto napiga picha zikiwa zimevalishwa mpira mdogo, zinapendeza tu.

NAJUA MTAKACHOSEMA

Najua kuna anayesoma hapa anasema: "Dada, wewe umeshiba. Mimi mtoto hajala, nitauza hata kitanda." Mpendwa, sikushangai wala sikuhukumu. Mimi lile blanketi nililiuza kwa deni la umeme na maji, na ningerudi siku ile huenda ningeliuza tena. Shida haina adabu. Ninachosema ni kwamba kuuza kwa shida kuite kwa jina lake. Siku ile mimi nilikuwa nauza mali ya nyumbani ili tuvuke, kama mtu anavyouza redio. Kosa langu nilikuita biashara, nikajisifu kwamba leo nimepiga 40,000, na nikaona ni jambo la kurudia. Ningekuita shida, ningekaa chini na binti yangu nikamweleza, nikaandika deni lake kwenye daftari kama ninavyoandika la mteja, na nikalilipa.

Na tena, tujiulize kwa nini shida ile ilinikuta sina hata akiba ya 40,000 wakati nafuma usiku na mchana. Ni kwa sababu ya ile 257 kwa saa. Ningekuwa nauza bidhaa zangu kwa bei yake, nisingelazimika kuuza kisicho bidhaa. Ndiyo maana nasema ni kosa moja lenye hasara mbili. Anayeshindwa kuilinda bei ya kazi yake, kesho atashindwa kukilinda kitanda cha mwanawe.

Mwingine atasema, "Tukipandisha bei wote, wateja watakimbilia vya mashine." Baadhi watakimbia, mimi wamenikimbia. Lakini mteja ambaye unampata kwa kula hasara si wako. Ni wa yeyote atakayekula hasara kubwa kuliko wewe. Na tukiendelea kushushiana bei sisi kwa sisi, tunawafundisha wateja kwamba saa ya mwanamke aliyekaa nyumbani haina bei. Kisha tunashangaa waume, ndugu na watoto nao wakiamini hivyo hivyo.

MWISHO

Blanketi la pili limekwisha mwezi uliopita. Nililiandika kwenye daftari kama oda, jina la mteja ni binti yangu, bei sifuri, tarehe ya kukabidhi nikaipigia mstari. Safari hii alichagua kijani na nyeupe. Njano hakuitaka tena, na sikumuuliza kwa nini. Nilikabidhi siku mbili kabla ya tarehe, kama ninavyowafanyia wateja wangu wazuri. Aliligeuza, akalikagua kwenye kingo kama mama yangu alivyokuwa anakagua, akanionyesha fundo moja nililoliruka. Nikalirekebisha palepale.

Yule mwanasesere sasa anakaa juu ya mto, hadharani. Sina picha yake na sitakuwa nayo.

Basi wapambanaji wenzangu, kazi ya leo jioni ni ndogo. Chukua daftari, gawa ukurasa katikati. Upande mmoja andika kitu kimoja unachokiuza, na saa zake za kweli, na bei yake ya kweli. Upande wa pili andika kitu kimoja cha nyumbani kwako ambacho hakiuzwi hata aje nani. Kama upande wa kwanza unakuogopesha, anza kupandisha kidogo kidogo. Kama upande wa pili umebaki mtupu, hapo ndipo pa kuanzia.

Kwako kipi hakiuzwi? Tuambizane hapo chini. Picha si lazima.